Vitabu vya Picha vya Senti Kumi: Ukumbusho wa Utoto na Desturi ya Kukusanya

Kuna desturi moja katika nchi ya Marekani ambayo walimu wetu wengi huisikia kwa mbali tu, na wakiisikia hucheka: ya kwamba watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, hutafuta kwa bidii vijitabu vya picha walivyonunua kwa senti 10 walipokuwa wadogo, na pengine hulipa kwa kijitabu kimoja fedha za kujengea nyumba. Si ajabu mtu kuicheka. Lakini desturi ya watu haifahamiki kwa kuchekwa. Nia ya makala hii ni kuipima: kwanza vitabu vyenyewe, kisha ukumbusho wa wale walionunua, kisha soko lililozaliwa na ukumbusho huo, na mwisho kuuliza ni jambo gani humo limpasalo mwalimu kulijua. Maana tutaona ya kuwa walimu na mapadre hawakuwa watazamaji tu katika habari hii. Walikuwamo ndani yake, na wengine walikuwa na kiberiti mkononi.

1. Jina la Kitu

Lugha ya Kiingereza huviita vitabu hivi kwa neno litokalo katika kuchekesha, na jina hilo lapotosha. Mashujaa wa vitabu hivi wapigana, walia, waruka juu ya majumba. Wachekeshao ni wachache. Sababu ya jina imo katika historia. Vitabu vya kwanza vilikusanya tu picha za mizaha zilizokwisha kutoka katika magazeti. Mfano wake ni Famous Funnies, kilichoanza kuuzwa mwaka 1934 kwa senti 10. Mizaha ilipoondoka na mashujaa wakaingia, jina lilibaki pale pale, kama nyumba iitwayo kwa jina la mtu aliyekwisha kuhama.

Kiswahili nacho hakijatulia. Twasema katuni, twasema vibonzo. Lakini maneno hayo mawili hubeba mambo mengi: picha moja ya kumkejeli mkubwa gazetini, na picha ziendazo katika sinema, na hadithi ndefu yenye visanduku. Hapa nimechagua kusema kitabu cha picha, maana yake kijitabu cha hadithi ielezwayo kwa picha zifuatanazo, kila picha katika kisanduku chake, na maneno ya wasemaji yakiandikwa ndani ya puto litokalo kinywani. Mwalimu aliangalie sana jambo hili la puto. Katika kitabu cha kawaida mwandishi hutangulia kusema, "akanena," ndipo maneno yafuate. Katika kitabu cha picha neno hilo halina kazi, kwa kuwa macho yamekwisha kumwona msemaji. Ni namna ya masimulizi iliyo karibu na msimulizi wetu wa jioni, ambaye hana haja ya kusema kila mara "fisi akanena," bali hubadili sauti na uso, na watoto wakajua ya kuwa ni fisi.

2. Vitabu Vyenyewe

Kitabu kitajwacho kuliko vyote ni Action Comics namba 1, chenye tarehe ya Juni 1938 juu ya jalada lake. Kilikuwa na kurasa 64, na bei yake senti 10. Jaladani mtu mwenye joho jekundu ameinua motokaa juu ya kichwa chake, na watu wanakimbia. Huyo ndiye Superman. Waliomtunga walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili waliozaliwa mwaka 1914, wana wa Wayahudi waliohamia kutoka ng'ambo. Kwa hadithi ile ya kwanza, pamoja na haki zote za huyo shujaa, walilipwa dola 130. Shujaa akawatajirisha wengine. Mwaka 1975 tu, baada ya malalamiko yao kutangazwa magazetini, ndipo kampuni iliyomiliki kazi yao ilipokubali kuwapa posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi hiyo. Hundi ile iliyotaja dola 130 iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya malipo imepata thamani kuliko malipo yenyewe. Na neno hili tu latosha kumwonya msomaji ya kuwa katika habari hii bei na haki haziendi njia moja.

Mwaka uliofuata, 1939, alitokea Batman katika Detective Comics namba 27. Na mwaka 1940 akatokea Captain Marvel. Huyu wa tatu yafaa tumwangalie zaidi, kwa kuwa habari yake ni habari ya lugha. Ni mtoto yatima, muuza magazeti, ambaye hufundishwa neno moja la siri. Akilitamka, radi hupiga, naye hugeuka kuwa mtu mzima mwenye nguvu kuliko watu wote. Akilitamka tena, hurudi kuwa mtoto. Mwenye kujua ngano za watu wetu hataiona habari hii kuwa ngeni: jiwe lifungukalo kwa neno, ngoma isemayo ikiimbiwa. Mtoto wa New York aliyesoma haya hakusoma kitu kipya. Alisoma kitu cha kale kilichovalishwa koti la mjini.

Kwa sura, vitabu hivi vilikuwa duni. Karatasi yake ilikuwa ya magazeti, ya mti uliosagwa pamoja na ile gundi yake ya asili, ambayo kwa mwanga na hewa hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha huvunjika kama jani kavu. Rangi zilipigwa kwa nukta ndogo ndogo za wino wa namna nne, na mara nyingi hazikukaa mahali pake, hata midomo ikapita mpaka wa uso. Kurasa zilishikwa kwa pini mbili za chuma, nazo zikipata unyevu hushika kutu. Hakuna aliyevitengeneza ili vikae. Vilitengenezwa vikae mwezi mmoja, hata kifuatacho kitoke.

Bei ya senti 10 ilidumu hata mwaka 1961, isipokuwa kwa wachapaji wachache. Lakini bei iliposimama, kitabu kilipungua: kutoka kurasa 64 hata 52, kutoka 52 hata 32 bila jalada. Mwaka 1962 bei ikawa senti 12, na kufikia mwaka 1974 ikawa senti 25.

3. Ukumbusho wa Wanunuzi

Wazee waliovinunua walipokuwa watoto husimulia habari zinazofanana mno. Duka lilikuwa la dawa, au la peremende, au kibanda cha magazeti pembeni mwa njia. Baadaye kukawa na kinara cha waya kizungukacho, nacho kililia kilipozungushwa. Fedha zilitoka wapi? Katika miji mingi chupa tupu ya soda ilirudishwa dukani kwa senti 2. Basi chupa tano zilikuwa kitabu kimoja. Mtoto aliyejua hesabu hii aliokota chupa vichochoroni tangu asubuhi. Tena kulikuwa na kubadilishana: kitabu kilichokwisha kusomwa hakikutupwa, kilipelekwa kwa mwenzi, naye akatoa chake, hata kitabu kimoja kikapita mikononi mwa watoto wa mtaa mzima. Wenye maduka waliruhusiwa kurudisha vitabu visivyouzwa, na mara nyingi walirudisha jalada peke yake, au kipande cha juu chenye jina, ili kupunguza mzigo. Vingine vilivyobaki bila jalada viliuzwa kwa siri kwa bei pungufu, kinyume cha mapatano. Na wazee wengi hukumbuka hadithi waliyoipenda sana wasijue kamwe ilikuwa ya kitabu gani, kwa kuwa walikisoma kisicho na kichwa.

Kitabu cha kwanza kilicholiweka jambo hili katika maandishi yenye uzito ni cha Jules Feiffer, The Great Comic Book Heroes, kilichochapwa New York mwaka 1965. Feiffer alizaliwa Bronx mwaka 1929, akafa mwaka 2025. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa mchoraji Will Eisner, kisha akawa mchoraji wa kejeli mwenye sifa, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1986. Kwa hiyo alijua kazi hii kwa pande mbili, ya mtoto anunuaye na ya mkono uchorao.

Ubora wa kitabu chake ni kwamba hasemi uwongo kwa kutetea. Hasemi ya kuwa vitabu hivi ni sanaa kuu iliyodharauliwa. Asema ni takataka. Kisha aitetea takataka. Hoja yake ni hii: mtoto huishi siku nzima chini ya amri ya wakubwa, na kila kitu apewacho, chakula na nguo na kitabu, hupewa kwa nia ya kumtengeneza. Kitabu cha picha kilikuwa kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliyekiheshimu hata akataka kukitumia kwa kumtengeneza mtoto. Basi mtoto alipumzika humo. Tena aliona neno juu ya Superman ambalo wengi wamelirudia tangu hapo: mashujaa wengine huvaa barakoa ili wawe mashujaa, lakini Superman huvaa miwani ili aonekane mnyonge. Nguvu ndiyo nafsi yake. Unyonge ndio vazi.

Hoja ile ya kwanza ni ya kweli, nami nadhani kila mwalimu aliyekaa na watoto nje ya darasa ataikubali, hata kama haimpendezi. Lakini haitoshi. Mtoto apumzikaye bado aona, na aonacho humfanya. Feiffer asema kweli kwamba mahali pa kupumzikia panahitajika. Ni lazima tuulize pia kuta za mahali hapo zimechorwa nini. Nitalirudia jambo hili.

4. Moto na Kanuni

Mwaka 1938, mwaka ule ule wa Superman, maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliunda chama cha kupinga machapisho machafu, National Organization for Decent Literature, kikiongozwa na Askofu John Francis Noll wa Fort Wayne. Baadaye chama hiki kilipima vitabu vya picha pia, na kutoa orodha ya vile visivyofaa. Baada ya vita jambo likapamba moto kweli kweli. Mwezi wa Oktoba 1948, katika mji wa Spencer, West Virginia, wanafunzi walikusanya vitabu zaidi ya 2,000 wakavichoma katika uwanja wa shule. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wanafunzi wa shule ya Kikatoliki ya Binghamton, katika jimbo la New York, walifanya vivyo hivyo. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kuanguka kwa serikali ya Kijerumani iliyojulikana kwa kuchoma vitabu, na wako Wamarekani waliolisema hilo wazi wakati ule ule.

Katika hali hiyo akasimama Daktari Fredric Wertham. Alizaliwa Munich mwaka 1895, akawa tabibu wa maradhi ya akili New York. Haki yatulazimu kumtaja kwa kazi zake zote. Mwaka 1946 alifungua Harlem hospitali ndogo iitwayo Lafargue, katika vyumba vya chini vya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Filipo, akawatibu watu weusi kwa senti 25 au bure, wakati hospitali nyingi zilipowafukuza. Na uchunguzi wake juu ya madhara ya kutenga watoto weusi shuleni ulitumika mahakamani katika jimbo la Delaware, katika mojawapo ya kesi zilizomalizika kwa hukumu kuu ya mwaka 1954. Mwaka huo huo alitoa kitabu Seduction of the Innocent, akisema kwamba vitabu vya picha hufundisha watoto uhalifu, na kwamba ameyasikia hayo kwa watoto wenyewe aliowatibu. Mwezi wa Aprili Baraza la Seneti lilifanya kikao New York. Wertham akanena, na mchapaji William Gaines naye akajitetea vibaya, akisema kwamba jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa halikupita kiasi kwa kitabu cha kutisha. Mwezi wa Oktoba wachapaji, kwa hofu, walijitungia kanuni, Comics Code, na vitabu vingi vikahitaji muhuri wake. Makampuni mengi yakafungwa. Kanuni hiyo ilidhoofika pole pole. Mwaka 2011 wachapaji wa mwisho walioishika waliiacha.

Je, Wertham alisema kweli? Karatasi zake ziliwekwa katika maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2010 zikafunguliwa kwa wachunguzi. Bibi Carol Tilley, mwalimu wa elimu ya maktaba, alizisoma zote alizoweza, akalinganisha maneno ya watoto yaliyoandikwa kliniki na maneno ya watoto yaliyochapwa kitabuni. Mwaka 2012 akatoa matokeo: Wertham alikuwa amebadili maneno, amepunguza, ameunganisha maneno ya watoto wawili yakawa ya mmoja, na ameacha habari nyingine za maisha yao ambazo zingeeleza taabu yao kuliko vitabu. Nia yake ilikuwa njema. Kati ya vitabu alivyovishutumu vingine vilistahili shutuma. Lakini aliwatia watoto maneno vinywani, kisha akayaita ushuhuda wao.

Hapa pana jambo zito kwa walimu na wachungaji. Sisi pia huzungumza kwa niaba ya watoto, na mara nyingi wasikilizaji wetu hutuamini kwa sababu ya kazi yetu, si kwa sababu ya uthibitisho wetu. Aliye na haki ya kunena kwa ajili ya mtoto hana haki ya kubadili neno la mtoto.

Wala si kwamba watu wa dini walijua kuchoma tu. Mwaka 1942 mchapaji M. C. Gaines alianza kutoa hadithi za Biblia kwa picha. Mwaka 1946 George A. Pflaum wa Dayton, Ohio, alianza Treasure Chest, kitabu cha picha kilichopelekwa kwa watoto wa shule za Kikatoliki hata mwaka 1972. Katika mwaka 1964 kilitoa hadithi kwa sehemu nyingi juu ya mtu agombeaye urais wa Marekani. Uso wake hauonyeshwi. Msomaji huona mkono, mgongo, kofia, na husikia maneno yake ya hekima, hata akampenda. Katika picha ya mwisho mgombea ageuka, na msomaji aona ya kuwa ni mtu mweusi. Hili ni jambo ambalo kitabu cha maneno matupu kingelifanya kwa shida, maana hapa sanaa imo katika kuficha picha. Aliyeitunga alimpinga mbaguzi bila kumhubiria hata mara moja.

5. Soko

Watoto wa miaka ya 1940 walipokuwa watu wazima walianza kuvitafuta vile walivyopoteza. Vingi havikuwako tena. Wakati wa vita watoto wenyewe walikuwa wameombwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya taifa, na vitabu vyao vilikwenda humo. Vingine vilitupwa na mama zao walipokwenda jeshini au chuoni. Mwaka 1961 Jerry Bails, pamoja na Roy Thomas, alianza gazeti dogo Alter-Ego kwa wapenzi wa mashujaa wa zamani; mwaka 1964 ukafanyika mkutano wa wapenzi hao New York; mwaka 1970 Robert Overstreet akachapa orodha ya bei, nayo hutoka kila mwaka tangu hapo.

Tusiwadharau watu hawa. Maktaba hazikuhifadhi vitabu hivi, wao walivihifadhi. Wachapaji hawakuandika majina ya watungaji na wachoraji. Wao waliwatafuta wazee mmoja mmoja kwa barua, wakauliza nani alichora ukurasa gani, hata Bails na wenzake wakachapa katika miaka ya 1970 kamusi nzima ya watenda kazi waliosahauliwa. Hiyo ni kazi ya elimu, nayo ilifanywa na watu wasio na cheo chuoni. Edward Steere alipoandika ngano za Unguja na kuzichapa London mwaka 1870, wengi wangeweza kusema ni maneno ya kulalia watoto. Leo hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyemshukuru.

Lakini soko likakua, likageuza kazi. Mwaka 2000 ilianza kampuni ya kupima vitabu, CGC. Kitabu hupewa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Na likivunjwa, alama imepotea. Nakala moja ya Action Comics namba 1 iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Mwaka 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939, ambayo wana wa mama mmoja wa California waliikuta katika dari ya nyumba yake baada ya kufa kwake, iliuzwa kwa dola milioni 9.12.

Na tuangalie jinsi alama zinavyotolewa, maana ndimo ulimo moyo wa jambo. Ni kosa, kitabu kikiwa na mkunjo wa mfuko wa suruali. Ni kosa, kikiwa na doa la mafuta ya vidole. Ni kosa, mtoto akiwa ameandika jina lake kwa wino. Ni kosa kubwa, mtoto akiwa amekata kuponi ili aagize kwa posta mchezo uliotangazwa. Katika miaka ya 1974 hata 1976 kampuni ya Marvel yenyewe ilichapa stempu ndani ya vitabu vyake, ikawaambia watoto wazikate na kuzibandika katika daftari. Na leo nakala ya The Incredible Hulk namba 181, ya mwaka 1974, ikikosa stempu hiyo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Mtoto aliyetii, kitabu chake kimeharibika. Mtoto asiyejali, chake ni mali.

Basi twaona kinyume kilicho wazi. Wakusanyaji husema wanatafuta utoto wao. Lakini kila alama ya utoto huhesabiwa kuwa dosari. Kitabu kilichopendwa, kilichokunjwa, kilichosomwa chini ya blanketi na kubadilishwa kwa kingine, hicho hakina bei. Kilicho bora ni kile ambacho hakuna mtoto aliyekigusa. Ushahidi wake ni mkusanyo mashuhuri kuliko yote, uliopatikana Colorado mwaka 1977 na kununuliwa na mfanya biashara Chuck Rozanski: vitabu vikadiriwavyo kuwa kati ya 18,000 na 22,000, vimepangwa kwa matita katika nyumba ya Edgar Church, katika hewa kavu, kama vilivyotoka dukani. Church hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima, mchoraji wa matangazo, naye aliviweka kwa ajili ya kazi yake. Vitabu vya utoto vilivyo safi kuliko vyote ni vya mtu asiyevinunua utotoni.

Methali yetu yasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo yamegeuka: kilichomo ndani ni kizuri, ila mkakasi haufunguki. Hadithi iliyotungwa isomwe na watoto wengi kwa senti 10 sasa haisomwi na mtu mmoja kwa mamilioni.

6. Yasiyokumbukwa

Kuna kosa jingine la ukumbusho, nalo si la soko bali la moyo. Wazee husimulia utamu wa vitabu hivi. Ni wachache wasimuliao jinsi vilivyotuchora sisi. Kutoka mwaka 1940 hata 1954 ilitoka Jungle Comics, ambamo Afrika ni msitu tu, na mtawala wake ni mtu mweupe mwenye nywele za dhahabu, na Waafrika ni ama watumishi wake ama wabaya wake. Hata The Spirit ya Eisner, iliyosifiwa kwa uchoraji wake kuliko nyingi, ilikuwa na kijana mweusi mwenye midomo mikubwa na maneno yaliyovunjwa, awekwaye hapo achekwe. Captain Marvel naye alikuwa na mtumishi wa namna hiyo aitwaye Steamboat.

Lakini angalia mwisho wa Steamboat. Mwaka 1945 alikwisha kuondolewa, na walioomba aondolewe ni watoto wa shule wa New York, waliokwenda kwa wachapaji wakaonyesha picha ile na kusema kwamba haifanani na watu wa kabila lile. Hivyo si kweli kwamba watoto husoma bila kuona. Watoto hao waliipenda hadithi na kuihukumu, nao hawakuhitaji moto. Mwaka 1947 mwandishi wa habari Orrin C. Evans wa Philadelphia alitoa All-Negro Comics, kitabu kilichotungwa na kuchorwa na watu weusi watupu, bei senti 15. Hakikupata namba ya pili. Ikawa mwaka 1966, kwa senti 12, ndipo katika Fantastic Four namba 52 Stan Lee na Jack Kirby walipoonyesha mfalme wa Kiafrika mwenye elimu na ufundi kuliko wageni wake.

Mkusanyaji akiisafisha kumbukumbu yake kama anavyotaka kitabu chake kiwe safi, ataondoa pia makunjo haya. Na ukumbusho usio na mkunjo si ukumbusho wa kweli.

7. Yatupasayo

Watu wa kwetu nao walikuwa na vitabu vyao. Wako wazee wa Afrika Mashariki wamkumbukao Lance Spearman, mpelelezi wa picha za kamera katika African Film. Wako waliolifungua Taifa Leo kwanza kwenye Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wako waliokua na Sani ya Dar es Salaam. Magazeti haya nayo yalikwenda njia ya karatasi zote: kufungia karanga, kuwashia jiko. Hatuna haja ya soko la mamilioni ili tuyathamini, wala si vema tulitamani. Mfano bora wa Marekani si mnada. Ni maktaba: ile ya Bunge, na ile ya chuo kikuu cha jimbo la Michigan iliyoanza mwaka 1970, ambako maelfu kwa maelfu ya vitabu hivi yamehifadhiwa, na mtu yeyote mwenye mikono safi aweza kuomba kimoja, akakifungua, akakisoma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, kila shule yenye kabati iweke nakala moja ya kila gazeti la picha la Kiswahili linalopatikana, mahali pakavu, mbali na jua, isitupwe hata ikiwa na jina la mtoto juu yake; na jina lisifutwe. Pili, wazee waulizwe, na majibu yao yaandikwe kama walivyoyasema: walinunua wapi, kwa senti ngapi, walibadilishana kwa desturi gani, walificha wapi, ni picha gani iliyowauma. Maneno ya watu hawa ni lugha, nayo hupotea upesi kuliko karatasi. Tatu, mwalimu aonapo kitabu cha picha kibaya mikononi mwa mtoto, akisome chote kabla ya kukihukumu, kisha amwulize mtoto amekiona nini. Pengine atasikia hukumu iliyo kali kuliko yake mwenyewe.